Mkanda wa Chuma na Jina la Okoth

Mnanikera, nyinyi vijana wa gereji. Nalisema hili mwanzoni ili asiye na subira aende zake akanywe chai. Mnakuja kwangu Jumamosi na simu zenu, mnaniuliza, "Mzee, hii CVT hasa inafanyaje kazi?" halafu kabla sijafika katikati ya jibu mmoja anacheka na meseji yake. Nilishika spana pale Mamboleo zaidi ya miaka thelathini. Nimestaafu kwa sababu mgongo ulikataa kulala chini ya magari, si kwa sababu mdomo umechoka. Basi leo nawaandikia, msome mkiwa na nafasi. Nitawaeleza mashine, na nitawaeleza ubaya niliomfanyia mtu kwa sababu ya mashine hiyo. Mashine mnaweza kuisoma popote, lakini huo ubaya hamtaambiwa na mtu mwingine.

Giaboksi mliyoizoea ina meno. Gia ya kwanza ina meno yake, ya pili yake, na ukibadilisha unatoka kwa haya unaingia kwa yale. Giaboksi ya CVT haina habari hiyo. Ndani yake kuna puli mbili. Moja inapokea nguvu ya injini, nyingine inapeleka nguvu kwa magurudumu. Kila puli ni vipande viwili vya chuma vilivyochongwa mshazari, vinatazamana, na kati yao mkanda unapita. Vipande vikisogeleana, mkanda unapandishwa juu na kuzunguka duara kubwa. Vikiachana, mkanda unazama na kuzunguka duara dogo. Puli moja ikijifunga, ya pili inajifungua, kwa wakati mmoja.

Gari likianza kuondoka, mkanda umezama kwenye puli ya injini na umepanda kwenye puli ya magurudumu. Injini inazunguka sana, magurudumu yanakwenda polepole, na nguvu ya kuvuta ipo. Mwendo ukiongezeka, mambo yanageuka kidogo kidogo bila kukatika, mpaka mkanda uwe umepanda huku na kuzama kule. Ndiyo maana hamsikii gari likibadilisha gia. Hakuna gia ya kubadilisha. Gari la kwanza la aina hiyo nililoletewa lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, naye alisema gari limekwama gia ya kwanza tangu bandarini. Nilimwamini. Nilikaa siku nzima nikiitafuta gia ya pili, nikalizungusha mpaka Kibos na kurudi mara nne, na jioni nikamwambia nimeilegeza, ataanza kuisikia baada ya wiki. Akashukuru sana yule mzee. Nafikiri mpaka leo anaisubiri.

Chekeni, lakini angalieni nilichofanya pale. Sikujua, na sikusema sijui. Hilo nilifundishwa na Mzee Aloo, fundi aliyenipokea Mamboleo na kunipa spana ya kwanza. Mzee Aloo alikuwa na pua. Alichovya kidole kwenye oili, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa, kisha akakuambia gari limetembea wapi na dereva ni mtu wa namna gani. Watu walikuja kutazama tu. Siku moja nilimjibu mteja kwamba sijui tatizo ni nini, ngoja nichunguze. Mzee Aloo aliniita nyuma ya gereji.

"Wewe," alisema, "mteja akikuuliza, unampa jibu. Lolote. Ukisema hujui, kesho gari yake iko kwa jirani."

Alikuwa mtu mwema, alinilisha, alinizikia baba. Lakini neno lile lilikuwa sumu na mimi nililinywa kama maziwa. Nililifuata miaka yote, na lilinipa wateja wengi.

Sasa turudi kwa mkanda, kwa sababu kosa langu liko hapo. Mkanda wa CVT nyingi tulizoziona hapa si wa raba. Ni vipande vidogo vya chuma, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, mamia, vikashikwa na pete nyembamba za chuma. Chuma kinashika chuma. Kinachofanya visiteleze ni mambo mawili: kwanza, mgandamizo wa mafuta unaozibana puli, nao unatoka kwa pampu ambayo inazungushwa na injini. Ndiyo maana gari la namna hiyo likizimika kwenye mafuriko ya Ahero hamlifungi kamba na kulivuta na trekta mpaka mjini. Magurudumu yanazungusha puli, pampu imelala, mkanda unajisaga mkavu. Mnalipakia kwenye lori au mnainua magurudumu yanayoendesha. Pili, ni aina ya mafuta. Haya si yale mafuta mekundu ya giaboksi otomatiki za zamani. Mafuta haya yanalainisha, lakini pia yametengenezwa ili chuma kikibanwa kwenye chuma kisiteleze. Ukiweka mafuta mengine, gari litaondoka, litatembea, litakufurahisha, na huko ndani mkanda umeanza kuikwaruza puli.

Mimi ni mtoto wa Ahero. Baba yangu alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ile ilikuwa na mkanda mrefu kutoka kwa injini, na mtu akimwagia mkanda mafuta kwa bahati mbaya, injini ilinguruma, mkanda ukateleza, na mchele hautoki. Baba alitukana, akapangusa mkanda kwa jivu. Nililijua hilo kabla sijaota ndevu. Nililijua, na bado nikafanya nililofanya. Hasira yangu kubwa ni hiyo.

Nereah alikuwa muuza samaki wa Dunga. Alinunua samaki ufukweni alfajiri, akawapanga kwenye masanduku ya barafu, akapeleka Kakamega. Aliponunua gari lake, wagoni ndogo nyeupe kutoka Japani, alilileta kwangu kwanza ili nilibariki, kama watu wanavyopeleka mtoto kwa mchungaji. Dereva wake alikuwa Okoth, mdogo wake wa tumbo moja. Okoth alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Alikuwa anafungua boneti kila asubuhi. Mnajua dereva wangapi wanaofungua boneti kila asubuhi?

Baada ya miezi kadhaa Okoth akaja peke yake. Gari lilikuwa linatetemeka likianza kuondoka.

"Mzee, nafikiri ni oil ya gearbox imechoka," alisema. "Lakini niliuliza kwa Mama Shiro, anasema hii inataka oil yake. Si ile nyekundu."

Mama Shiro alikuwa na duka la spea mkabala na gereji yangu, mama kutoka Murang'a, hodari wa biashara. Nilicheka. Nikamwambia Okoth, "Mama Shiro anauza. Akikuambia gari inataka maji ya baraka, ujue ameletewa katoni yake."

"Lakini imeandikwa hapa kwa hii kijiti ya kupimia. Soma."

Sikusoma. Miwani yangu ilikuwa mfukoni na sikuitoa. Nilichovya kidole kwenye oili ya zamani, nikaisugua, nikainusa mbele yake kama Mzee Aloo, nikasema hii ni ile ile ya siku zote. Nikamwaga ya zamani, nikajaza nyekundu. Gari likaacha kutetemeka. Okoth akashukuru, nami nikamwambia ampelekee salamu Mama Shiro.

Kwa wiki kadhaa gari lilikwenda vizuri. Kisha siku moja, mchana, jua kali, nikaliona linateremka kutoka mlima wa Riat likija Mamboleo bila sauti ya kuvuta, linajiviringisha lenyewe, taa za hatari zinawaka. Okoth alikuwa amefika nusu ya mlima, injini ikalia, gari likakataa kupanda. Akaligeuza, akaliacha litiririke kwa breki mpaka kwangu. Nereah akafika juu ya piki baada ya muda mfupi. Barafu ilikuwa inayeyuka na maji yenye damu yanadondoka chini ya mlango wa nyuma. Watu wakakusanyika, kama kawaida ya Mamboleo: wauza miwa, madereva, watu wa piki.

Nereah hakulia. Aliniuliza tu, "Fundi, ni nini imeua gari yangu?"

Nilikuwa nimeshachomoa kile kijiti. Oili ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Nilijua kuna jambo la oili. Sikujua lote, lakini nilijua kuna langu ndani yake. Watu walikuwa wanasubiri jibu la fundi. Na nyinyi mnajua madereva wetu wakiteremka Riat wanafanya nini: wanaweka frii, yaani wanatoa gia, gari lishuke lenyewe, wabane petroli. Kila mtu anajua, kila mtu anafanya, na ni kweli linaharibu giaboksi ya namna ile ukirudisha gia ghafla ukiwa kasi. Uongo mzuri ni ule ambao watu wameshauamini kabla hujausema.

Nikasema, "Nereah, gari haijakufa yenyewe. Ni dereva. Anateremka na frii. Si hata sasa mmemwona wote akishuka nayo?"

"Nimeshuka hivyo kwa sababu imekataa kuvuta!" Okoth alisema. "Dada, mimi sijawahi kuweka frii. Hata siku moja. Niapishe na mama."

"Dereva gani atakubali?" nikauliza, na watu wakacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomaliza kazi. Nereah akanyoosha mkono, akachukua ufunguo kutoka kiganjani mwa ndugu yake. Okoth akanigeukia. Nilifikiri atasema habari ya oili na kile kijiti. Akautazama ule umati, akageuka. Akaenda kwa miguu kuelekea stendi. Sikumwona tena kwa muda mrefu.

Siku tatu baadaye nilifungua ile giaboksi, ya kwanza ya aina yake kufunguliwa na mikono yangu. Nikaona puli mbili. Nikaona mkanda. Nyuso za puli, ambazo zinatakiwa kung'aa na kuwa laini, zilikuwa na mikwaruzo ya duara, na chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, kulikuwa na unga wa chuma unaometa. Nilivaa miwani nikasoma kile kijiti. Kiliandikwa wazi, herufi kubwa, jina la mafuta yanayotakiwa na onyo la kutoweka mengine. Nilikaa chini kwenye tairi nikaona mashine ya mpunga ya baba na mkanda uliomwagiwa oili. Mashine yote mliyosoma hapo juu niliielewa siku ile, kwa robo saa. Watu wananisifu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazijua CVT kuliko wote Mamboleo. Mjue nilisomea wapi.

Mtaniuliza kwa nini sikumpigia Nereah simu siku ile ile. Nilijiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na wateja. Nereah akaliuza gari vipande vipande, akarudi kubeba samaki kwa beseni kwenye magari ya watu. Kila nilipokutana naye aliniamkia vizuri, "Baba, habari ya kazi," kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyemwambia ukweli. Heshima ile ilinichoma kuliko matusi.

Kisha mama yao akafariki. Sisi mafundi tunazika wateja wetu na watu wao, mnajua, kwa hiyo nilikwenda. Niliketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema na nikamwona Okoth. Hakukaa na wafiwa. Alisimama nyuma, upande wa wapishi, pamoja na majirani, na wakati wa familia kupiga picha na jeneza hakuitwa. Mama mmoja karibu nami akanong'ona kwamba marehemu alijaribu sana kuwapatanisha, ikashindikana, dada anasema huyo alimfilisi kisha akaapa uongo kwa jina la mama. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwa Nereah. Nilikula wali, nikaenda nyumbani.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sitaki mtu aniambie kwamba sikujua.

Kilichonitoa mafichoni hakikuwa dhamiri, msidanganyike. Mwaka huu, nikiwa tayari nimestaafu, nilipita gerejini kuwasalimu. Mmoja wenu, sitamtaja, anajijua, alikuwa na gari la CVT limeungua. Mama mwenye gari alikuwa anauliza kimetokea nini. Na huyu kijana, bila hata kuchomoa kijiti, akasema, "Mama, ni dereva. Anateremka na frii."

Nilimvuta kando. "Umejuaje?"

"Si ndiyo jibu, Mzee?" akasema, akitabasamu. "Hiyo tulisoma kwako. CVT ikikufia mkononi, sema frii. Hakuna mtu anabisha."

Alitamka kama mtu anayetaja saizi ya spana. Uongo niliousema siku moja kwa woga ulikuwa umekuwa ufundi, umekabidhiwa kwa watu, na nyinyi mnautumia bila hata kuogopa. Nilirudi nyumbani, nikaanza kuuliza watu Okoth yuko wapi.

Okoth nilimpata Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, anafungua na kufunga milango ya maji. Amekonda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tuta, viatu vimejaa matope. Nilitarajia anitukane, labda anisukume majini. Aliendelea kuzungusha mpini wa lango mpaka maji yakakaa sawa.

"Mzee, hiyo mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Kijiti nilisoma kabla yako."

"Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Ningesema, nani angenisikia? Fundi ni wewe." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Usiniletee mimi. Si mimi ulidanganya. Mpelekee mwenye aliamini."

Nikamwomba namba yake ya simu, akanipa.

Kesho yake nilikwenda Dunga. Nereah alikuwa anapanga samaki wa ngege kwenye meza, na wanawake wengine pande zote mbili wanakwangua magamba. Aliniletea stuli. Nikakataa kukaa. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kuhusu oili nyekundu, kijiti, miwani mfukoni, puli zilizokwaruzwa. Nilimweleza mashine kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa sababu nilitaka aelewe kwamba hakuna mahali popote ndani yake pa kumlaumu Okoth. Kisu chake kilikuwa kimesimama ndani ya samaki.

"Ulisema mbele ya watu," alisema. "Sema tena mbele ya watu."

Akawaita wale wanawake kwa Kijaluo, na wanaume waliokuwa wanashona nyavu nao wakaja. Nikasema yote upya, kwa sauti ya kusikika, mzee mzima, kofia mkononi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliuliza, "Na mama yao alizikwa hajui?" Nikasema ndiyo, alizikwa hajui. Wakaondoka mmoja mmoja, wakarudi kwenye samaki wao.

Nereah aliosha mikono kwenye ndoo, polepole, mpaka kwenye viwiko. Akaikausha kwa kanga. Akatoa simu kifuani, akaishika, akaitazama, kidole kikibaki hewani.

"Baba," akaniambia, bila kuinua uso, "mimi sina namba ya Okoth."

Nikatoa simu yangu, nikavaa miwani, nikamsomea namba ya ndugu yake wa tumbo moja, tarakimu moja baada ya nyingine, naye akaibonyeza.